Mikasi ya Ukutani

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanaheri ni nyuzi. Kola za majaribio zilizokatwa na wasichana weusi, waliokaa ukutani, zilikuwa na nyuzi zinazoning'inia. Za wasichana weupe, waliokaa dirishani, zilikuwa safi. Sasa ulikuwa unaanza mtihani wenyewe, ambao mshindi wake angeajiriwa kuwa fundi mkataji wa karakana ile ya ushonaji. Hakuna msichana mweusi aliyewahi kushinda.

"Kitambaa kimoja, muda mmoja," alisema Madamu Roza, msimamizi. "Asije mtu kunililia kwamba nina upendeleo."

"Wenzetu wana mikono mizito tu," Elena, mmoja wa wasichana wa dirishani, akamnong'oneza jirani yake, wakacheka.

Pale ukutani, Mwanaheri aliutazama mkasi aliopewa. Makali yalikuwa yameliwa. Dada yake alishika mkasi kama huo hapa hapa, akarudi nyumbani akiamini hana kipaji, na hakugusa tena kitambaa.

Akainuka, akaenda kuuweka mkasi mbele ya Elena.

"Jaribu, dada."

Elena akaujaribu. Kitambaa kikajikunja, hakikukatika. Akajaribu tena. Kicheko kikamwishia mdomoni. Polepole akauchukua mkasi wake mwenyewe, ulionolewa juzi, akausukuma hadi katikati ya meza, kando ya ule wa Mwanaheri.

Madamu Roza alikuwa ameshika saa mkononi, hajaianzisha.

"Madamu," alisema Mwanaheri, na sauti yake ikafika hadi dirishani, "sisi kukata tunajua. Mnatugawia mikasi butu."