Kata Isiyo na Sumu

Kwa desturi yao, anayekukaribisha pombe huionja kwanza, ili uone haina sumu. Ndiyo maana siku wakwe walipoleta mahari, Ndeonansia alionja mbege, pombe ya ndizi, mbele yao, akafuta mdomo, akampa binti yake Aikande kata ya kibuyu.

"Kunywa mwanangu, wasije wakasema unajidai."

Alijua nesi alimkataza Aikande pombe maadamu anatumia vidonge vya sonona. Lakini wakwe alishawaambia ni vidonge vya tumbo, na kata moja itamfanya nini mtu mzima?

Shangazi wa mchumba akaleta ya pili. "Na yangu je? Au mimi si mkwe?"

Watu wakacheka. Aikande akanywa. Ya tatu hakuimaliza. Macho yalimlegea, akateleza kutoka kitini kama kanga iliyochomoka kambani.

"Mbege imempenda huyo!" alisema shangazi. "Mlazeni tu, ataamka."

Ndeonansia akamtikisa. Kichwa kikaanguka upande huu, kikaanguka upande ule. Pumzi zilikuja moja moja, zikiachana mno.

"Asilazwe! Hospitali, jamani! Vidonge si vya tumbo. Mwanangu ana sonona, na pombe nimempa kwa mkono wangu!"

Kicheko kikakatika. Ombeni, mchumba mwenyewe, alimtazama mama mkwe, kisha akambeba Aikande mikononi, akakimbia naye kuelekea barabarani. Kiatu kimoja cha binti kikadondoka uani. Wakwe wote walikitazama, wala hakuna aliyeinama kukiokota.