Shavu la Kushoto

"Huyu siye," mama alisema kwa mara ya tatu, akairudisha karatasi mezani kama mtu anayekataa noti iliyochanika.

Ludovick alivaa miwani, akaangalia upya. Picha ilikuwa nzuri. Kijana wa miaka ishirini na tisa hivi, shati jeupe, shavu linang'aa kama limepakwa mafuta. Juu ya picha Brightness, binti wa mdogo wake na mwendesha kompyuta wa duka lake la picha, alikuwa ameandika: Ratiba ya Mazishi ya Marehemu Lesikar. Nakala mia mbili zilishatoka, bado zina joto. Maziko ni kesho saa nane, kijijini kwao, huko juu ya Kisongo.

"Pole sana, Mama Lesikar," Ludovick alisema. "Lakini picha si umeileta mwenyewe, kwenye simu yake?"

"Nimeileta. Mwanangu ana alama hapa." Akagusa shavu lake la kushoto. "Ya duara, ya moto. Iko wapi?"

Brightness alichukua simu ya marehemu, akapekua. Lesikar na pikipiki. Lesikar kwenye kwaya. Lesikar amejipiga mwenyewe, anacheka. Kote shavu safi.

"Ni simu, mama. Hizi mpya zinasafisha uso zenyewe. Chunusi, makovu, zinatoa. Ila si amependeza?"

"Sikuzaa mtu wa kupendeza. Nilimzaa Lesikar."

Ludovick alikohoa. "Zima hicho kitu," alimwambia Brightness.

"Hakizimiki, baba mkubwa. Zamani kilikuwa na kitufe chake. Wameboresha, wamekiondoa."

"Wameboresha!" Hasira aliyokuwa akiilea kwa miaka ilimpanda. "Kila wakiboresha, mimi napoteza kitu. Juzi simu yangu inaniuliza, tuboreshe sasa au baadaye? Natafuta pa kusema hapana, hapapo. Sasa, baadaye, basi. Hata mchumba huwa anapewa nafasi ya kukataa."

"Wewe ungetaka tuchore watu kwa mkaa."

"Mkaa ungemchora na kovu lake! Huko wanakotengeneza simu kuna mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, hajawahi kumwona Mwarusha hata mmoja, ndiye aliyeamua kwamba kovu la huyu ni uchafu. Na namba ya kumpigia hakuweka."

Mama hakucheka. "Rudisheni," alisema.

Alama haikurudi. Simu haikutunza uso ilioukuta, ilitunza ule ilioupenda. Kitambulisho kilikuwa polisi, pamoja na pikipiki iliyogongwa na lori. Picha za zamani ziliungua na nyumba.

"Nimepita kwa ndugu, nimepita kwa wanakwaya," mama alisema. "Kila simu imemfuta."

Ludovick aliona haya kwa aliyotaka kusema, lakini alisema. "Mama, jeneza likifunguliwa watu watamuaga, watamwona."

"Halifunguliwi. Lori lilimpita kichwani."

Hapo hata Brightness aliacha kubofya.

"Basi... majirani wamemjua tangu utoto. Watamtambua tu."

"Watamtambua nani?"

Mfiwa huuliza mengi. Ludovick akajaribu njia nyingine, akauliza ni nani aliyemchoma, maana siku hizi si Waarusha wote wanaowachoma watoto mashavuni.

"Nyumbani tulishaacha, sisi Walutheri. Lakini huyu siku ya nne alinyonya mara mbili, zamu yake na isiyo yake, akacheua mpaka puani. Bibi yake akaja juu, akasema mtoto huyu atiwe alama leo leo. Nilimshika mwenyewe. Alinuka moto kwa siku mbili."

Ludovick alitikisa kichwa. Kwao, Wachaga nao wana dawa zao za kucheua.

Aliinama chini ya meza, akavuta kopo la bati. Ndani mlikuwa na brashi nyembamba na wino uliokaribia kukauka. Kopo hilo lilitembea naye toka Moshi hadi Mererani, Karatu hadi Loliondo, enzi za kamera ya filamu, kabla miguu haijamgomea hapa Kisongo. Naye alisafisha nyuso za watu. Maharusi wangapi aliwatoa chunusi! Lakini yeye alikuwa anauliza kwanza.

"Nitachora moja moja," alisema. "Nielekeze."

"Zote mia mbili?" Brightness aliguna.

"Wewe endelea kupendeza."

Mama alisogea mpaka bega likagusa bega. "Chini kidogo. Hapo. Hiyo kubwa, punguza. Upande huu haikufunga vizuri, aliruka."

Brashi ilizunguka, ikaacha mwanya mdogo. Mama aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alikaa.

"Sasa ni yeye," alisema. "Harakisha, mzee. Mwanangu Mika yuko barabarani anatafuta gari, hapendi kusubiri."

Ludovick alikuwa kwenye ya saba mlango ulipotiwa giza.

"Shikamooni. Mama, gari imepatikana."

Brightness aliinua macho kumwitikia. Badala yake alipiga kelele, na rundo zima likamwagika sakafuni.

Kijana aliyeingia aliinama, akaokota karatasi moja ambayo brashi haikuifikia. Aliisoma polepole, akarudi juu kwenye picha. Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye shavu lake la kushoto, laini, lisilo na kitu.

"Mama," alisema, "mbona mmeniweka mimi?"