Daraja la Kuruka Pamoja

"Dada, nikianguka tena naacha," mdogo wake Apolinaria akalalamika kutoka Kanada, katikati ya mchezo wao wa simu. "Unaruka kama umebeba gunia!"

Apolinaria, huku kijijini Kwihara, mbali na pwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Daraja la kwenye mchezo liliwataka waruke pamoja, na mtandao kila mara ulimchelewesha mmoja.

"Bibi, tunaugombania mtandao nyumba nzima," mjukuu wake Apolinaria akasema, akawaamuru wote wafunge video zao.

"Haya, mdogo wangu. Sasa!"

Kidole chenye sugu ya jembe kikagusa kioo. Vibonzo vyao viwili vikapaa, vikatua ng'ambo kwa kishindo kimoja.

Apolinaria akaduwaa. Babu yao alipobeba pembe za ndovu za msafara kwa miguu toka hapa hadi pwani, salamu zake zilirudi mwaka wa pili.

"Umefika?" akanong'ona.

"Nimefika, dada." Jibu lilimfikia Apolinaria hata mdomo hajaufumba.