Kichujio cha Sikio

Tangu sheria ya vichujio ianze, kila mtu mzima huvaa kidude sikioni, na katika jambo lolote lenye ubishi husikia wenye vyeti tu. Wengine hukatika sauti, ukabaki kuona midomo ikicheza.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa bado inanyesha, na ubishi ulikuwa kuhusu mlima ulioinamia nyumba ya kina Mwasiti. Wataalamu walisema hautaporomoka. Mwasiti aliwasikia vizuri kabisa.

"Kunywa uji, mwanangu, unapoa," mama yake alisema. "Mbona umekonda hivyo? Huyo mumeo anakula peke yake?"

Mwasiti akacheka. Kisha mama akaonyesha ufa mpya ukutani, akaanza kusema, na sauti ikakatika. Midomo yake ilicheza muda mrefu. Machozi yakamlenga mama.

"Mama, sikusikii."

Mwasiti akagusa sikio lake. Anayevua kichujio naye hasikiki tena na yeyote, hata akizungumzia uji, na yeye alikuwa mwalimu. Akashusha mkono.

Mama akambeba mgongoni mjukuu wake Tunu, mtoto wa Mwasiti, akachukua mwavuli. "Nampeleka kwa shangazi yake, kule tambarare."

Hilo lilisikika, maana kutembelea ndugu hakuna ubishi.

"Kwa nini leo, mama, na mvua hii?"

Midomo ikacheza tena, taratibu, kama ya mtu anayebembeleza. Mwasiti akaitikia kwa kichwa kana kwamba amesikia. Mlango ulipofungwa, akaketi chini ya ule ufa, akamalizia uji wake.