Mapezi Saba

Sikudhani, mkaguzi wa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, alikuwa ameshika sampuli ya alumini: kibanio cha kushikilia kadi za kumbukumbu za kompyuta na kuzipoza zisiungue. Alihesabu mapezi yake ya kupozea, vile vibamba vyembamba vya kutoa joto. Yalikuwa saba. Maelezo ya ombi yalisema manane.

Kosa hilohilo, saba kwenye mchoro na manane kwenye maelezo, alikuwa ameliona asubuhi kwenye ombi la zamani, la mtu aliyeacha ghafla kujibu barua za ofisi.

“Bwana Mavura,” alimwambia mwombaji aliyeketi mbele yake, “kuna mtu aliwahi kutuletea kitu kama hiki.”

“Huyo ni marehemu, mama. Hatatusumbua.”

Sikudhani alilitazama lile faili la zamani. Barua zote zilikuwa zimerudi na neno moja tu: hapatikani. Hakuna aliyeandika kwamba amekufa.

“Nani amekwambia amefariki?”

Mavura aliinuka, akausukuma mlango taratibu mpaka ukafungika, kisha akanyoosha mkono.

“Nipe kibanio changu.”

Sikudhani alitaka kumpa, lakini vidole vilikataa kufunguka. Ile alumini ya kupoza ilikuwa imeshapata moto kiganjani mwake.