Mchezo wa Kuhamisha Kuni

"Gogo la tano!" Jouko alitangaza, na ukumbi wa maktaba ya mji wa Kuopio, Finland, ukaangua kicheko.

Tuire hakucheka. Alikaa mstari wa mbele kando ya baba yake.

Jouko alijulikana kwa ulimi wake. Kila mwaka watu walimletea michezo ya kompyuta waliyoipenda utotoni, naye aliicheza kwenye skrini kubwa na kuisema kama alivyoiona, bila kumwonea mtu haya.

"Tusidanganyane, jamani," alikuwa amesema mwanzoni. "Mingi ya michezo tunayoililia ilikuwa mibovu. Ni vile tu tulikuwa wadogo."

Sasa ilikuwa zamu ya mchezo alioutengeneza Tuire mwenyewe mwaka 1984, akiwa na miaka kumi na mmoja, na kuuhifadhi kwenye kaseti.

"Nyumba, ziwa, banda la kuni," Jouko alisema. "Unabeba gogo moja, unalipeleka ukuta wa pili, unarudi kuchukua jingine. Hakuna adui, hakuna pointi. Dada, tulikukosea nini?"

"Banda langu hilo!" baba alipaza sauti kwa fahari. Alikuwa na miaka themanini, na ndiye aliyeng'ang'ania kuja. "Na kuni ni zangu! Zile za chini sijazigusa mpaka leo. Ndizo zinazobeba za juu."

Watu wakampigia mzee makofi.

"Na mama alisemaje alipouona mchezo?" Jouko aliuliza.

"Mama yake alikwenda Sweden kutafuta kazi mwaka huohuo," baba alijibu. "Alivaa koti lake la njano akaondoka usiku, ndiyo basi tena. Huyu hata hakumsikia. Alikuwa mtoto wa kulala fofofo."

Hakuna aliyeshangaa. Siku zile kila kijiji kilikuwa na mtu aliyekwenda Sweden asiandike tena.

Gogo la ishirini. La thelathini. Kicheko kiliisha, miayo ikaanza. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuvuka gogo la kumi, hata baba yake.

"Arobaini, na sijaona cha maana," Jouko alisema. "Nimecheza michezo ya hovyo, lakini huu umenishinda. Nauzima."

"Usizime!" Tuire alisimama. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto. "Yamebaki manane tu. Nakuomba."

Baba alimshika mkono. "Kaa chini, mwanangu. Unajiaibisha bure."

"Aa, manane si mengi," Jouko alisema. "Tummalizie dada yetu."

Watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja, kwa utani. Saba. Sita. Tano. Baba hakuwa anatabasamu tena. Vidole vyake vilizidi kumbana Tuire mkono mpaka ukamuuma, lakini hakuutoa, wala hakuketi.

Gogo la mwisho liliondoka. Sakafuni, pale lilipokuwa, palilala kitu kidogo cha njano, chenye mikono na miguu.

Baba hakuitazama skrini. Alimtazama binti yake.

"Kumbe usiku ule," alinong'ona, "hukuwa umelala."