Msamaha Usiofika Diskini

Saa 9:40 alasiri, taa ya diski ya mama iliwaka kijani. Siku hizo kila nyumba iliwahifadhi marehemu wake kwenye diski za kompyuta, nao waliongea na kukumbuka. Mama alikuwa mzito wa kujibu, kwa kuwa kila neno liliandikwa diskini kabla ya lingine kufuata. Mwanawe Tumbwene, fundi wa Linux, mfumo ulioendesha diski hiyo, alibadili mpangilio mmoja: maneno yakae kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, yaandikwe diskini mara moja kwa saa.

“Leo umenifungua ulimi,” mama akasema upesi, akicheka. “Haya niambie, mbona hukuja mazikoni mwangu?”

Tumbwene akaeleza yote: ule ugomvi wao, hasira, basi aliloliacha liondoke makusudi.

“Nimekusamehe, mwanangu. Acha kujitesa.”

Saa 10:06 umeme ulikatika. Uliporudi, kumbukumbu ya muda ilikuwa imefutika, mpangilio wa zamani ulikuwa umejirudisha, na diskini hapakuwa na neno lolote la baada ya saa 9:40.

“Mbona,” mama akauliza polepole, “hukuja mazikoni mwangu?”

Tumbwene alieleza upya, kwa maneno yale yale. Hadi saa 11:15 jioni, taa ikiwa bado kijani, mama alikuwa hajatamka tena msamaha wake.